Ukimpa mtu huduma mpe na maamuzi yake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka niongee na wale waliopewa kusimamia wenzao kanisani, uwe mwenyekiti wa vijana, kiongozi wa kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili, mzee wa kanisa au mchungaji mwenyewe. Mimi nimekuwa katibu wa vijana, baadaye nikawekwa kamati ya ujenzi, na sasa ni mzee wa kanisa kwenye usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa hiyo haya nayoandika ni ya vikaoni na ya kwenye mabenchi, nimeyaona kwa macho.

Kitu ambacho kimenikaa moyoni ni hiki. Huduma nyingi zinakufa wakati watu bado wanampenda Mungu vizuri tu, wanafunga, wanaomba, wanatoa. Zinakufa kwa sababu kiongozi amegawa kazi lakini maamuzi kabaki nayo yeye. Yaani unakuta mama mmoja amesimamishwa mbele ya usharika, anatangazwa ndiye msimamizi wa uji wa watoto, anaombewa, watu wanapiga makofi, vigelegele. Wiki inayofuata sukari imeisha. Anampigia mchungaji, mchungaji yuko mazishini hapokei, anamfuata mhazini, mhazini anasema siwezi kutoa hela mpaka mchungaji aseme, watoto wanasubiri na ibada inaendelea, basi anaingiza mkono kwenye pochi yake ananunua. Jumapili nyingine hivyohivyo. Baada ya muda unasikia mama kapata udhuru, na sisi kwenye kikao tunaandika kwenye muhtasari "amepata udhuru" tunatafuta mwingine, na huyo mwingine naye tunamfanyia yaleyale. Nimeliona hili kwenye uji, kwenye vyombo vya muziki, kwenye sare za kwaya, hadi kwenye maua ya madhabahuni.

Watu wengi wanapenda kuhubiri habari ya Yethro na mkwewe Musa, Kutoka 18, wanasema ona, Musa alishauriwa agawe kazi. Sawa, lakini soma mstari wa 22 polepole. Yethro hakumwambia Musa atafute watu wa kumsaidia kubeba mafaili. Alisema jambo kubwa waliletee kwako, lakini "kila neno dogo wataliamua wenyewe". Wataliamua wenyewe! Hapo ndipo penye uzito wote na ndipo sisi tunaparuka. Tunawachagua wakuu wa maelfu na wakuu wa makumi halafu wote wanakuja kupanga foleni mlangoni kwa Musa kuuliza kama wanunue sukari kilo moja au mbili.

Na angalia sifa alizozitaja kabla hajafika hapo, watu walio hodari, wenye kumcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Maana yake uaminifu unaupima kabla hujampa mtu nafasi. Ukishampa, mwachie. Siyo unampa kwanza halafu unamchunga kila siku kama vile bado hujaamua kama unamwamini. Kama humwamini usimpe, na hilo siyo dhambi, ni heri umwambie mapema kuliko umpe cheo kitupu akae anaumia.

Matendo 6 ndiyo huwa inanigusa zaidi. Wayahudi wa Kiyunani, yaani wale waliozungumza Kiyunani, waliwanung'unikia Waebrania kwamba wajane wao wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Kanisa lilikuwa changa, lina moto, na bado limegombania chakula, kwa hiyo tusishangae sana tukigombana na sisi. Mitume wangeweza kusema acheni manung'uniko, ombeni. Au wangeweza kuwaweka Waebrania wawili watatu wanaowafahamu wawe wanaangalia mgawo. Waliwaambia watu wachague wenyewe, na ukiyasoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia, yote ni majina ya Kiyunani! Ninavyoelewa mimi, mezani waliwekwa watu wa upande uleule uliokuwa unalalamika. Fikiria kanisa lako, akina mama wa upande mmoja wa mtaa wanalalamika kwamba wakifiwa hawatembelewi, halafu baraza la wazee linasema haya chagueni ninyi, mfuko wa rambirambi mtaushika ninyi, na wa upande wetu mtawahudumia ninyi. Ni imani kubwa hiyo! Na mstari wa 7 unasema Neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana Yerusalemu.

Sasa kwa vitendo, sisi tulifanyaje. Kwenye baraza letu tulikaa tukapitia huduma moja moja, tukaandika ukurasa mmoja kwa kila huduma. Pale juu yale ambayo kiongozi anaamua mwenyewe bila kumuuliza mtu, katikati yale anayoamua ila atoe taarifa, na chini yale ambayo lazima yaje barazani kwanza. Na hela tukaweka kiwango, chini ya hapo mhazini anatoa kwa saini ya kiongozi wa huduma na risiti inarudi, basi. Kikao kilikuwa kirefu na kulikuwa na mabishano kwelikweli, maana kuna wazee waliona tunamnyang'anya mchungaji heshima yake. Lakini mchungaji ndiye alikuwa wa kwanza kufurahi, simu zilipungua, akapata muda wa kuandaa mahubiri na kutembelea wagonjwa, na ndicho mitume walichosema, wao wadumu katika kuomba na katika lile Neno.

Naomba nikae kidogo kwenye hela maana hapa ndipo vidonda vingi vinapoanzia. Kuna watu wanadhani kumwomba mtumishi wa Mungu risiti ni kumdharau. Hapana jamani. Paulo alipokuwa anakusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakubeba peke yake, soma 2 Wakorintho 8, anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na anasema wazi wanafanya hivyo ili mtu asije akawalaumu, wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo aliona anahitaji shahidi, wewe mwenyekiti wa kwaya unayekusanya hela za safari kwa simu yako binafsi ni nani? Hela za huduma ziingie kwenye akaunti ya kanisa, sadaka ihesabiwe na watu zaidi ya mmoja palepale, waandike, wasaini, na isomwe. Ukifanya hivyo unamlinda mhazini wako. Nimemwona kijana mwaminifu kabisa akiacha kuja kanisani kwa sababu ya uvumi wa hela za sare, na hela zilikuwepo zote, ila hakukuwa na karatasi ya kuonyesha, na waliomtuma ashike peke yake hawakusimama kumtetea. Bado naumia nikikumbuka.

Kitu kingine, kusahihishana. Ukimpa mtu maamuzi kuna siku ataamua vibaya, lazima. Mwalimu wa kwaya atachagua wimbo usioendana na somo la siku, kiongozi wa vijana atapanga kongamano tarehe moja na mavuno. Pale ndipo tunajua wewe ni kiongozi wa namna gani. Kama utachukua maiki ubadilishe mbele ya watu, umemuua, hata kama ulikuwa sahihi, kuanzia siku hiyo hataamua kitu, atakuwa anakuuliza wewe kila jambo na utalalamika kwamba watu hawajitumi. Acha wimbo uimbwe. Jumatatu mpigie, kaa naye, mwulize alikuwa anawaza nini, mweleze wewe uliona nini.

Bwana Yesu alishatupa utaratibu kwenye Mathayo 18, ndugu yako akikukosa nenda kwanza wewe na yeye peke yenu. Asipokusikia chukua mmoja au wawili. Ndipo kanisa. Sisi tunaanza na grupu la WhatsApp, tena tunaandika kwa mafumbo, "kuna watu humu wanajiona", halafu kila mtu anajiuliza ni mimi au ni nani, mpaka jioni watu wanatoka kwenye grupu mmojammoja. Ushauri wangu, wekeni sheria kwamba grupu la huduma ni la ratiba na matangazo na maombi, jambo la mtu halijadiliwi humo hata kwa fumbo, na msimamizi akiliona alifute bila kusubiri na awapigie simu wahusika. Sheria hii ifuatwe na wote, mchungaji akiwemo.

Sisi wa ukanda huu tuna urithi wa jambo hili ambao tunausahau. Ule uamsho ulioanza miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, ukaja mpaka Kagera kwetu na Kenya, nguvu yake moja kubwa ilikuwa ni kutembea nuruni, ile ya 1 Yohana 1:7. Ndugu walikaa pamoja wakasema mambo yao wazi, Mwafrika na mmisionari wa Kizungu wakaombana msamaha uso kwa uso, wakati wa ukoloni! Lakini niseme na upande wa pili, kuna mahali nuru hiyo iligeuzwa kuwa ya kuwaanika watu, ukakuta mtu analazimishwa kuungama mbele ya kundi mambo ambayo yalitosha kumalizwa na wawili. Kwa hiyo nuru ndiyo, ila kwa utaratibu wa Mathayo 18, kwanza wawili.

Na kuna ugomvi ambao hautaisha kwa kukubaliana. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Yohana Marko, Matendo 15, mmoja anasema huyu alituacha Pamfilia hatuendi naye, mwingine anasema tunaenda naye, wakashindana mpaka wakatengana. Luka aliyeandika Matendo hakuficha hilo, wala simsikii popote Paulo akimsema Barnaba vibaya makanisani kwa sababu ya Marko. Kila mmoja akaendelea na kazi. Na miaka baadaye Paulo akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo, "umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi". Kwa hiyo watu wawili wazuri wakishindwa kabisa kufanya kazi kwenye kamati moja, watenganisheni kwa heshima, mpeni kila mmoja eneo lake, msiwalazimishe kukumbatiana kwenye kikao wakati mioyo bado inachemka. Na mlioachwa katikati msichague upande.

Kupumzika sitaongea sana. Walimu wa shule ya Jumapili wapeni zamu, mtu asikose mahubiri mwaka mzima kwa sababu yuko na watoto nyuma ya kanisa. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake, "mkapumzike kidogo", Marko 6:31, na umati ulikuwa bado unakuja.

La mwisho nililonalo ni la kuachia nafasi, na hapa mfano wangu ni Barnaba tena. Alikuwa mtu mkubwa kuliko Sauli, ndiye Paulo, pale Antiokia. Kazi ilipokuwa nyingi akafunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli, mtu ambaye wanafunzi wa Yerusalemu waliwahi kumwogopa, akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Ukisoma Matendo 13 inaanza "Barnaba na Sauli", kabla sura haijaisha imekuwa Paulo na Barnaba. Jina lake limehamia nyuma na husomi mahali Barnaba kanuna. Ni viongozi wangapi kati yetu tungesafiri kwenda kumtafuta mtu ambaye tunajua kabisa atatuzidi kuhubiri?

Ukitaka kuanza mahali, anza na msaidizi wako. Mwezi huu mpe aendeshe kikao kimoja, agenda aandae yeye, wewe kaa pembeni kama mjumbe, usimkatishe, na watu wakigeuka kukuangalia wewe ndiyo uamue, waelekeze kwake. Mwezi unaofuata mpe na saini ya ile hela ndogo. Kisha safiri kidogo, hata kama ni kwenda kusalimia wazazi kijijini, ibada ifanyike bila wewe, na ukirudi mwombe akupe taarifa kabla hujawauliza wengine mambo yalikwendaje.