Jibu: Bweha kaingia uani mchana kapigana na mbwa wangu, nifanyeje?

Pole sana mkuu. Bweha anaingia uani saa sita mchana, haogopi watu, anayumba na mate yanamtoka, mimi huyo namhesabu ana kichaa cha mbwa tu, maana bweha mzima akisikia mlango unafunguliwa anatimka.

Mbwa hata kama huoni jeraha usijipe moyo, manyoya yanaficha alama za meno. Mfungie peke yake sasa hivi, watoto wasimsogelee, ukimshika vaa glavu. Leo leo mpigie daktari wa mifugo na umwambie ukweli kuhusu chanjo, kama chanjo yake haijaisha muda atachomwa nyingine haraka awekwe chini ya uangalizi, ila kama hajawahi kuchanjwa hapo pagumu, ni kutengwa miezi au kuuawa kwa sindano, inauma lakini ndo hivyo.

Hizo siku 10 ulizosema jirani kakwambia umwangalie mbwa ni za mbwa aliyemng'ata mtu, huyu wako kang'atwa yeye, dalili zinaweza kuchukua wiki au hata miezi.

Sasa dogo uliyesema alienda kuwaachanisha akakwaruzwa mkono, huyo ndo ananitia wasiwasi zaidi. Maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, msimpake mafuta ya taa wala pilipili, kisha hospitali akaanze chanjo leo, msisubiri kuona mbwa atakuwaje kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Na huyo bweha kama mmemuua msimguse kwa mikono wala msimchome moto, afisa mifugo atahitaji kichwa kwa ajili ya kipimo.