Chatu Ameanguliwa Mdogo Kuliko Wenzake: Maswali na Majibu

Safari hii maswali mengi yanamhusu kiumbe mmoja: chatu-mpira (Python regius), yule chatu mfupi wa Afrika Magharibi na Kati ambaye akiogopa hujiviringisha na kuficha kichwa katikati. Wengi wenu mna vichanga walioanguliwa wembamba, nanyi mna haraka ya kuwanenepesha. Haraka hiyo ndiyo itakayojirudia katika majibu yangu mengi.

Chatu wangu ameanguliwa na gramu 34. Ndugu zake wana 60 na zaidi. Ataishi kweli?

Anaweza kuishi vizuri tu. Wengi wao huanguliwa wakiwa na gramu kati ya 45 na 80, kwa hiyo wako ni mdogo, lakini udogo peke yake si ugonjwa. Huenda mama yake alikuwa bado mchanga, au yai lilipoteza maji, au walikuwa pacha wawili ndani ya yai moja. Kitu cha kutazama ni mwili wenyewe. Je, kitovu kimefunga? Anatoa ulimi? Ukimgusa anajikunja, au analegea tu? Kama kitovu bado kina unyevu au kimevimba, mlaze juu ya karatasi ya jikoni safi iliyoloweshwa kidogo mpaka kifunge, na usikivute wala kukikata chochote kinachoning'inia hapo.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpime mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla ya kula, na uandike. Jicho hudanganya sana kwa mnyama mwembamba. Na usishtuke gramu chache zikipungua kabla hajala mlo wa kwanza: siku hizo anaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni.

Nimempa tangi kubwa lenye kioo pande zote ili akue kwa nafasi. Nimefanya vizuri?

Hapana. Mhamishie kwenye boksi dogo la plastiki lenye matundu ya hewa na kifuniko kinachobana, la lita sita hivi au zaidi kidogo. Kichanga aliye wazi pande zote hujiona anawindwa, na anayejiona anawindwa hali. Weka maficho mawili ya kumbana, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, na bakuli la maji lisilo na kina. Tangi kubwa litamsubiri.

Joto liwe kiasi gani? Nimeweka mkeka wa joto chini lakini sijui kama unatosha.

Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa ubaridi 25 hadi 27. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu nyoka hana moto wake mwenyewe wa kusagia chakula. Kichanga mdogo akishiba kisha akapoa, chakula huoza tumboni badala ya kusagwa.

Mkeka wa joto usio na kidhibiti-joto ni hatari. Unaweza kupanda hadi kumbabua, naye hatasogea upesi, kwa kuwa ngozi ya tumbo lake haimwonyi mapema kama mkono wako unavyokuonya. Kihisi cha kidhibiti kikae pale pale anapolala, si ukutani. Kisha pima tena kwa kipimajoto kingine, maana vidhibiti navyo hukosea. Mawe ya umeme ya kupasha joto siyapendekezi kabisa. Unyevu uwe asilimia 55 hadi 70, na uuongeze kidogo anapokaribia kujivua gamba.

Ana wiki tatu na amekataa kula mara mbili. Nimempa kichanga cha panya buku aliyegandishwa.

Swali la kwanza: ameshajivua gamba la kwanza? Kwa kawaida hujivua wiki moja hadi mbili baada ya kuanguliwa, na kabla ya hapo wengi hawajali chakula. Kama bado, subiri.

Kama tayari, tazama mlo wenyewe. Ukubwa unaofaa ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa gramu 34 hiyo ni gramu 3 hadi 5, yaani mtoto wa panya mdogo wa nyumbani aliyeanza kuota manyoya. Wengi wanaoanza kula huvutiwa zaidi na panya huyo kuliko buku, labda kwa harufu yake. Myeyushe ndani ya friji usiku kucha, kisha umtie kwenye mfuko na kuuweka katika maji ya moto mpaka mwili wake ufikie nyuzi 38 hivi. Si maikrowevu, kwani hupasha bila usawa, sehemu moja ikiiva na nyingine ikibaki baridi. Chatu ana vishimo midomoni vinavyosoma joto, na panya aliyepoa kwake ni kama jiwe.

Mpe jioni, taa zikiwa zimefifishwa, kwa koleo ndefu, kichwa kikimwelekea. Usimtikise panya usoni pake. Akirudi nyuma, mwachie mlangoni mwa maficho, funga boksi, uondoke. Kulichungulia kila dakika tano ndiko kunakoharibu. Akikataa, toa chakula asubuhi na usijaribu tena kabla ya siku tano.

Panya hai sipendi, maana humuuma nyoka vibaya. Kama ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumwanzisha, awe mdogo asiyeweza kuuma, na usiache kutazama.

Shikamoo. Rafiki ameniambia nimfungue mdomo na kumsukumia panya ndani, vinginevyo atakufa. Nifanye hivyo?

Marahaba, lakini usifanye hivyo leo. Taya na shingo la kichanga wa uzito huo huumia kirahisi, na hofu ya mara moja humfanya akatae tena kwa wiki nyingine. Kusaidiwa kula kunakuja mwisho kabisa: joto liko sawa, maficho yapo, wiki nyingi zimepita tangu ajivue, na mizani inaonyesha amepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hapo aliyezoea, au daktari wa wanyama anayejua nyoka, akufanyie huku ukimtazama. Mizani ikisimama pale pale, acheni mikono mbali.

Alikula vizuri, siku ya pili akatapika. Nimlishe tena haraka ili asikonde?

Usimlishe. Asidi iliyopanda na chakula imeunguza koo, na mlo mwingine mapema utatapikwa tena. Safisha boksi, weka maji safi, kisha subiri siku 10 hadi 14. Mlo utakaofuata uwe nusu ya ule wa kwanza. Katika kusubiri huko tafuta sababu, nayo karibu siku zote ni mojawapo ya hizi: upande wa joto ulipoa, panya alikuwa mkubwa mno, au mtu alimshika kabla ya saa 48 kupita. Akitapika mara ya pili, mpeleke kwa daktari pamoja na kinyesi chake, kama kipo, kwa ajili ya kupimwa vimelea.

Ngozi imekunjamana na gamba la jicho halikutoka.

Amekauka. Mweke kwa dakika 15 hivi katika maji ya uvuguvugu yasiyofika juu ya mgongo wake, nawe ukae hapo, kisha mtengenezee maficho yenye mosi (mimea laini inayoshika maji kama sponji) iliyoloweshwa. Gamba la jicho usiling'oe kwa koleo ya nyusi; mara nyingi hutoka na gamba lijalo unyevu ukirekebishwa.

Lini nianze kumshika?

Akishakula mara tatu au nne mfululizo bila kutapika. Dakika tano zinatosha, na baadaye nawa mikono, maana wanyama hawa hubeba salmonela.

Je, atabaki kibete maisha yake yote?

Mara nyingi hapana. Akila kila siku tano hadi saba, huwafikia wenzake kabla hujagundua. Usijaribu kumfidia kwa milo mikubwa, kwani chatu-mpira hunenepa kuliko kurefuka. Dume atabaki mfupi kuliko jike hata afanyweje.

Kichwa chake kinatikisika na kupinda akitaka kula. Ni udhaifu wa udogo?

Si udogo. Muulize aliyekuuzia kama ni wa ukoo wa rangi uitwao spaida. Kama ndiye, kutikisika huko ni kwa kurithi: hakuna dawa, wengi huishi na kula hata hivyo, lakini usimzalishe. Kama si wa ukoo huo, sababu inaweza kuwa maambukizi au joto lililopita kiasi, na hapo mpeleke kwa daktari wiki hii hii.