Jembe Langu Lilikuwa Viti: Nilivyopata Watu Estonia

Juzi msomaji mmoja aliyeko Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kaniandikia: "Dada, mwezi wa tano huu nasoma Kiestonia, kozi nimelipa, na bado sina hata mtu wa kunywa naye chai. Wewe ulifanyaje?"

Nikamjibu kwa neno moja: maigizo. Akadhani namtania.

Nilifika mji wa Tartu, hukuhuku Estonia, nikitokea Tanga. Mwaka wa kwanza tuuruke, ni giza na koti. Darasani nilijikongoja hadi A2, ngazi ya pili kutoka chini, na mwalimu mmoja, simtaji, akaniambia mbele ya wenzangu kwamba nitumie tu Kiingereza, tuokoe muda. Sitadanganya, neno lile bado linaniwasha. Dukani nako yaleyale: nasema tere, yaani hujambo, najibiwa Kiingereza. Wenyewe huona wanakusaidia.

Jirani ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi cha maigizo cha ridhaa, wao huita harrastusteater, katika rahvamaja, ukumbi wa kijiji nje ya mji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa viti. Miezi miwili nilipanga viti na kutundika mapazia huku nikisikia sentensi zilezile zikirudiwa jioni baada ya jioni. Kozi gani itakurudia hivyo bila kununa?

Kisha wakanipa maneno manne: "Kas suppi on veel?" Supu bado ipo?

Mtaniambia hiyo rahisi. Kiestonia kina ngazi tatu za urefu wa sauti. Lina ni kitani. Linna ni "ya mji". Na linna nyingine, iliyoandikwa vilevile, ni "kwenda mjini", tofauti iko kwenye kuvuta tu. P yangu ilikuwa fupi, supu yangu haieleweki. Bibi aliyeigiza mama yangu (huku hakuna shikamoo, na kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu kulinitesa wiki nyingi) akanishika mkono juu ya meza. Kila nikifika kwenye p anaubana, anatulia, ndipo anauachia. Sup... pi. Vidole vilipoanza kuuma, akasema: "Tubli!" Vizuri. Tangu siku hiyo p hiyo haijanipotea.

Sasa nyinyi mnaojifungia chumbani na miishilio 14 ya nomino, mnamsubiri nani? Tafuta kikundi. Usiombe kuigiza, omba kubeba viti. Tafuta kikundi, nasema tena. Na sisi Waswahili tuna bahati yetu: "ta" ni mwanamume na ni mwanamke, kama "yeye", hakuna cha kuchanganya.

Wala usiseme jukwaa ni la wataalamu. Waestonia huhesabu mwanzo wa tamthilia yao mwaka 1870, hapahapa Tartu, chama cha Vanemuine kilipoonyesha igizo la Lydia Koidula. Walioigiza walikuwa wanachama tu, watu wenye kazi zao za mchana.

Mtihani wa B1, ngazi inayofuata A2, ule unaotakiwa ukiomba uraia, niliufeli kabla ya viti. Baada ya viti nimeupita. Yule mwalimu akisoma hapa, salamu.

Usiku wa onyesho wenzangu walinitakia "kivi kotti", jiwe mfukoni, yaani kila la heri. Hilo halijibiwi kwa asante. Mimi nikasema aitäh, chumba kizima kikapiga kelele. Nikapanda jukwaani nikitetemeka, nikauliza supu yangu, watu wakacheka pale palipotakiwa kuchekwa.

Baadaye, kwenye vining'inizio vya makoti, mzee mmoja alinijia. Akaniuliza kwa Kiestonia, bila kupunguza mwendo, kama ile supu ilikuwa ya kweli.

"Vesi ja porgand," nikamwambia. Maji na karoti.

Akasikitika kwelikweli. Akaanza kunieleza supu inavyopikwa kwao, na mkewe akasimama pembeni, koti la mumewe mkononi, akingoja tumalize.