Kwa mnaoanza kukokotoa ukuaji wa ufa kwenye paneli zenye mbavu

Ukikabidhiwa paneli ya aluminiamu yenye mbavu, yaani bati lililoimarishwa kwa vipande virefu vilivyofungwa juu yake, na kuambiwa ukadirie ufa utakua kwa kasi gani, usikimbilie kompyuta. Chora paneli kwenye karatasi, kisha jiulize: ufa ukirefuka, mzigo uliokuwa ukibebwa na bati unahamia wapi? Unahamia kwenye ubavu. Ndiyo maana ncha ya ufa ikiukaribia ubavu mzima, ukali wa mkazo kwenye ncha hiyo, yaani K, hushuka na ufa hupunguza mwendo. Ubavu huohuo ukiwa umekatika juu ya ufa, mzigo wake hurudi kwenye bati na K hupanda. Kokotoa hali zote mbili, hata kama aliyekupa kazi ametaja moja tu.

Riveti, yaani pini zinazofunga ubavu kwenye bati, ndizo zinazowaponza wengi. Riveti halisi huachia kidogo mzigo unapoongezeka. Ukiziweka kwenye modeli kana kwamba hazilegei hata chembe, ubavu utabeba mzigo kupita kiasi, K itatoka ndogo, nawe utaiahidi paneli maisha ambayo haina. Kosa la upande huo ni la hatari, kwa hiyo zipe riveti unyumbufu wake. Ubavu uliochomelewa una mambo yake: ufa hupata njia ya kupanda ndani ya ubavu wenyewe, na joto la kuchomelea huacha mkazo wa kuvuta karibu na mshono na wa kubana mbali kidogo. Usiuache nje ya hesabu.

Kwa kanuni ya Paris, ufa hukua kila mzunguko wa mzigo kwa C mara ΔK yenye kipeo m. ΔK ni tofauti ya K kubwa na K ndogo katika mzunguko huo; C na m ni namba zinazopimwa kwa kila metali, na kwa aluminiamu m huwa aghalabu kati ya 3 na 4. Ukizidisha mkazo kwa asilimia 10 tu, na m ikiwa 3, kasi inazidi kwa asilimia 33. Ndiyo sababu naona muda wa kuhakiki mizigo una faida kuliko muda wa kusaga elementi, yaani vipande ambavyo kompyuta hugawa modeli, ziwe ndogo zaidi. Vipimo navyo viangalie: ukiingiza ΔK ya MPa√mm kwenye C iliyopimwa kwa MPa√m, kasi inakosewa zaidi ya mara 30,000.

Kabla ya kuongeza mbavu, jaribu bati tupu, pana, lenye ufa mfupi katikati. K ikipishana na σ√(πa), σ ikiwa mkazo unaolivuta bati na a nusu ya urefu wa ufa, tafuta kosa kwanza.

Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines ilibanduka sehemu ya paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akafariki. Nyufa ndogo nyingi kwenye mstari wa riveti zilikuwa zimeungana. Basi ukimaliza ufa mmoja, weka nyufa ndogo kwenye matundu yaliyo mbele yake, ukokotoe upya, uone kama zinaungana kabla ubavu haujapata nafasi ya kuuzuia ufa mkuu.