Ni mapenzi au ni hoteli?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, umri miaka 49. Mume wangu alifariki miaka miwili na miezi mitatu iliyopita, ghafla, akitoka kazini. Tulikuwa na miaka 22 ya ndoa na watoto watatu. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kwenda darasani na kurudi. Hata redio yake sijaizima. Inaongea jikoni kutwa kucha, stesheni ileile aliyoiacha.

Mwezi wa nne dada zangu walichanga pesa wakanilipia siku tatu hoteli ya Outspan, Nyeri. Nilikataa, wakaja wakanifungia begi wenyewe. Kufika tu nikajuta: bustani kubwa, Mlima Kenya umejitokeza asubuhi, watu wanapiga picha, na mimi niko peke yangu kwenye meza ya watu wawili. Meza ya pili alikaa mwanamume wa makamo. Alimimina chai vikombe viwili. Nikadhani anamngoja mtu. Akanywa chake, cha pili kikapoa mpaka mhudumu akaja kuondoa vyombo. Siku iliyofuata vilevile. Siku hiyo tumbili alishuka akanyakua sukari mezani kwangu, nikapiga yowe, yule baba akacheka, nami nikacheka. Shangazi, nilishtuka kusikia sauti yangu, kama ya mtu mwingine.

Ni mgane. Mkewe alikufa kwa saratani miaka minne iliyopita. Nilipomuuliza habari ya kikombe akasema, "Mkono bado haujazoea." Tulitembea hadi Paxtu, ile nyumba ndogo ya Baden-Powell, tukakaa barazani mpaka baridi ikatutoa.

Sasa ni miezi mitano, simu kila usiku. Yuko Thika, ana duka la vifaa vya ujenzi. Anataka kuja kwetu kujitambulisha. Mwanangu wa kwanza, miaka 21, alipojua alisema, "Kaburi la baba halijaota hata nyasi," na tangu hapo hasemi nami.

Je, namsaliti marehemu? Na haya ni mapenzi kweli, au ni hoteli tu?

Mwenye Redio, Nakuru

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonifanya nivue miwani nikaipanguse. Nusu yake ni hoteli. Nalisema nikilijua, kwa sababu nimetandika vitanda vya wageni miaka kumi na mmoja katika hoteli moja ya milimani, jina lake nalihifadhi. Mtu wa vyumba humjua mgeni kuliko watu wa mapokezi. Mgeni aliyefiwa mimi nilimjua kwa shuka. Kitanda ni cha wawili, lakini asubuhi unakuta upande mmoja umekunjamana, wa pili umenyooka vilevile ulivyouacha jana, na foronya yake haina alama ya kichwa. Amelala ukingoni, kama anayemwachia mtu nafasi. Wengine waliondoka hivyohivyo. Lakini wako ambao siku ya tatu au ya nne nilikuta mto umevutwa katikati. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikifurahi peke yangu na ndoo yangu.

Nyumbani kila kitu kinakuita mjane: kiti chake, msumari alioutundikia koti, jirani anayekusalimu kwa sauti ya chini kama uko wodini. Hotelini wewe ni nambari ya chumba. Anayekuletea chai hajui msiba wako, na wala hakuulizi "unaendeleaje" huku ameinamisha kichwa. Unapumzika ujane. Na mtu aliyepumzika hucheka, hata kama anayemchekesha ni tumbili mwizi. Ila hotelini vilevile hakuna sufuria iliyoungua, hakuna karo, hakuna shemeji. Mwanamume yeyote anapendeza akiwa ameoshewa vyombo na kutandikiwa kitanda.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Miaka mitatu baada ya kumzika mume wangu, alinipenda mgeni mmoja pale kazini. Majuma mawili nilitembea kama sikanyagi chini. Nilipokuwa likizo nikamwalika kwangu Likoni. Alikuja, akakaa kwenye ncha ya kiti, samaki akamdonoadonoa, akauliza mara tatu foleni ya feri huwa ndefu saa ngapi. Sikumwona tena. Simwiti mwongo. Alimpenda yule mwanamke wa aproni nyeupe wa kule juu, na yule hakuwa akiishi Likoni.

Sasa hilo la usaliti. Ulikaa barazani Paxtu, basi nikueleze ulikaa wapi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mkewe Olave walikuwa na nyumba yao Uingereza iliyoitwa Pax Hill. Pax ni Kilatini, maana yake amani. Mwaka 1938 wakaja kukaa Nyeri katika nyumba iliyojengwa ndani ya uwanja wa hoteli hiyo, ambayo mwenyewe, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wa mzee. Wakaiita Paxtu, wakicheza na neno la Kiingereza "two", yaani amani ya pili. Mzee alifia hapohapo, tarehe 8 Januari 1941. Olave alikuwa na miaka 51, amekuzidi miwili tu.

Aliishi miaka 36 baada ya hapo na hakuolewa tena. Alipofariki mwaka 1977 huko kwao Uingereza, majivu yake yaliletwa Nyeri kwenye kaburi la mumewe. Mwanangu alipokuwa skauti nilimpeleka tarehe 22 Februari, siku waliyozaliwa wote wawili, mume na mke. Jiwe lina alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Nililia pale, na mimi wala si skauti.

Najua kuna watu watakuja na kisa hicho wakwambie, unaona, mke ni yule. Wajibu hivi: Olave hakukaa ndani miaka 36. Alizunguka dunia kwa shughuli za wasichana wa skauti, alipanda meli na ndege, alihutubia maelfu. Hiyo ndiyo amani ya pili aliyoichagua yeye. Haikuachi wewe na deni. Wewe yako bado hujaichagua. Mpaka sasa iliyochaguliwa ni stesheni ya redio, na aliyeichagua si wewe.

Sisi Waislamu wa pwani mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Ina hesabu na ina mwisho, na ikiisha mtu anaruhusiwa kuja kuposa. Huzuni yenyewe haikupangiwa hesabu. Naona ulikuwa ukiingoja iishe ndipo mapenzi yaingie. Havitapokezana hivyo, mwanangu. Vitakaa nyumba moja kama wake wenza. Siku nyingine vitapika pamoja, siku nyingine vitanuniana, na wewe utajua pa kupita.

Kinachonifikirisha mimi ni kile kikombe, kuliko hata mwanao. Wengi watakwambia ni dalili njema, mtu anayejua kupenda. Ni kweli. Lakini kikombe kile kina mwenyewe. Chunguza anapokupigia simu usiku: anakuuliza habari za darasa lako, wale watoto wanaokuumiza kichwa, au anakusimulia tu siku yake kama alivyokuwa akimsimulia marehemu mkewe? Unapomwambia hupendi chai ya tangawizi, anakumbuka? Usije ukaolewa Thika ukawa mtu wa kunywa chai ya mwenzako. Na lipindue upande wa pili pia, kwa haki: wewe nawe unamsikiliza yeye, au umepata sauti ya kushindana na redio?

Mwanao ana miaka 21. Usimwombe ruhusa, na usimwambie umemletea baba. Amesema kaburi halijaota nyasi, basi mchukue Jumamosi moja, nyinyi wawili tu, nunueni miche ya nyasi mkaipande. Habari za Thika usizitie hata neno. Mchimbe, mmwagilie, mrudi mmechafuka. Akitaka kusema atasema njiani. Asiposema, mrudi mwezi ujao kumwagilia tena.

Kuna jambo moja la karatasi, na dada zako hawatalikumbuka kwa furaha waliyonayo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kama ilivyotungwa, kifungu cha 35, inasema mtu akifa bila wosia akaacha watoto, mwenzi aliyebaki ana haki ya kutumia mali iliyosalia maisha yake yote. Ila kama aliyebaki ni mwanamke, iliandikwa kuwa haki hiyo inakoma akiolewa tena. Mgane hakuwekewa sharti hilo, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikasema linapingana na Katiba. Ndiyo, nami nilikunja uso. Basi kabla mtu hajaja kujitambulisha, muone wakili, uliza shamba na nyumba viko kwa jina la nani na kesi ya mirathi imefikia wapi. Shemeji aliyenyamaza miaka miwili huweza kupata sauti siku ya posa.

Kuhusu kuja kujitambulisha, bado. Kwanza aje Nakuru siku ya kawaida, na dada zako wawepo, kwa sababu wao ndio waliofunga begi. Usipike pilau. Usiazime sahani za jirani. Songa ugali, na redio iache iongee kama kawaida yake. Akifika mpe ubao, kisu na fungu la sukuma, akate. Akiuliza redio ni ya nani, mwambie. Halafu uniandikie alizikata vipi.

Shangazi