Ruzuku ndogo ya klabu ya kilimo cha seli: itumie watu warudi Jumatano ijayo

Pesa za kwanza tulizopata zilikuwa shilingi 65,000, na ziliisha siku moja. Tulikuwa wanafunzi wanane wa bayolojia na sayansi ya chakula katika chuo kimoja hapa Kisumu, tumeomba ruzuku ya kuanzisha klabu ya kilimo cha seli, yaani kupata nyama na vitu vingine vya mnyama kwa kukuza seli au vijidudu badala ya kufuga mnyama mwenyewe. Tukakodi ukumbi wa hoteli mjini, tukachapisha bango na fulana 40, tukaalika watu, wakaja zaidi ya mia. Picha zilipendeza sana. Jumatano iliyofuata tuliitisha mkutano wa kawaida darasani, tukaketi watu sita, na wanne kati yao walikuwa viongozi wa klabu.

Siku hizi wanafunzi wa Kakamega na Nakuru hunipigia wakiuliza waandike nini kwenye maombi yao. Kabla ya mengine yote huwaambia hivi: ruzuku ndogo haitoshi kununua maabara, na ni hasara kuimaliza kwa sherehe. Inachoweza vizuri ni kuwakutanisha watu kumi na tano mara kumi na tano.

Habari ya maabara naitaja kwa sababu karibu kila ombi ninaloonyeshwa lina darubini ndani yake. Kukuza seli za nyama kunataka kabati la hewa safi, inkubeta ya nyuzi joto 37, na maji ya virutubishi ambayo ni ghali kwelikweli. Ile baga ambayo Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht aliionyesha jijini London mwezi Agosti 2013 iligharimu takriban yuro 250,000. Darubini moja iliyofungiwa kwenye kabati la idara, ambayo ufunguo wake ana mtu mmoja, haitawafikisha huko. Andikeni chai na mandazi bila kuona haya. Andikeni nauli pia. Mwanafunzi anayeishi Kondele ambaye mkutano unaisha saa moja jioni anafikiria matatu kabla ya kufikiria seli.

Mara ya pili tulipata 40,000, na zilitupeleka muhula mzima. Kipindi kilichoijenga klabu yetu kilikuwa cha maziwa. Tulinunua lita tatu za maziwa ya pakiti, yale yanayokaa kwenye friji (yale ya kudumu miezi hayagandi vizuri, msipoteze pesa), tukayapasha moto polepole kwenye jiko la gesi hadi nyuzi 35. Tukatia matone ya reneti, kitu kinachogandisha maziwa kuwa jibini, tukakoroga kidogo, tukafunika sufuria kwa kitambaa na kumkataza kila mtu kuigusa. Tukangoja dakika arobaini.

Wakati wa kungoja ndio uliokuwa somo lenyewe. Tulieleza kwamba zamani reneti ilitolewa kwenye tumbo la ndama aliyechinjwa. Wanasayansi wakachukua jeni ya ndama inayotengeneza kimeng'enya kinachogandisha maziwa, wakaipa vijidudu, vijidudu vikakitengeneza ndani ya matangi. Marekani iliruhusu kitumike kwenye chakula mwaka 1990, na leo sehemu kubwa ya jibini la huko hugandishwa nacho. Hilo nalo ni tawi la kilimo cha seli: kupata kitu cha mnyama bila mnyama mwenyewe. Kisha tukafunua sufuria. Msichana mmoja akapitisha kisu katikati, maziwa yakakatika kama ugali uliopoa, na maji ya rangi ya manjano yenye ukijani yakajaa kwenye ule ufa. Darasa likanyamaza. Kijana mmoja wa kozi ya biashara, aliyekuwa amefuata chai tu, akauliza, "Kwa hivyo wenzetu wamekuwa wakiila hii teknolojia miaka yote hii?" Huyo ndiye aliyekuja kuwa mweka hazina wetu, na sijaona mweka hazina makini kumshinda.

Kipindi kizima, pamoja na mandazi, hakikufika shilingi 2,000.

Jambo la pili ninalolisisitiza: tengeni pesa za kwenda kwa watu ambao teknolojia hii itawagusa, na mwende kusikiliza. Sisi tulikwenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, tukiwa kumi na mmoja. Mama mmoja aliyekuwa akianua omena alitusikiliza tukieleza samaki wa kukuzwa kutoka kwenye seli, mikono yake haijasimama hata kidogo, kisha akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), hao samaki wenu wa kwenye tangi wakija, mimi nitauza nini?" Sikuwa na jibu, na sikutaka kumbabaisha. Nililiandika swali lake kwenye daftari jinsi alivyolisema. Tulilijadili Jumatano tatu mfululizo. Baadaye tulimwalika chuoni, akazungumza dakika ishirini kuhusu ziwa, bei na misimu, nasi tukamlipa nauli na chakula cha mchana kama tunavyomfanyia mhadhiri mgeni. Mfadhili akiuliza kwa nini kuna malipo ya mama wa omena kwenye bajeti ya sayansi, mjibuni bila kutetereka.

Mijadala haina gharama, na mada hazikosekani. Singapore iliruhusu kuku wa kukuzwa kwa seli Desemba 2020. Italia ikapiga marufuku nyama ya namna hiyo mwaka 2023. Sisi Wakenya tuna Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na mabishano makali yaliyofuata serikali ilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, Oktoba 2022. Mwenyekiti wa mjadala awe mwangalifu kwa jambo moja: nyama ya seli inaweza kukuzwa bila kubadilisha jeni, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Sasa pesa zenyewe. Ile ruzuku ya pili ilipitia ofisi fulani, ikakaa wiki tisa, na tulikaribia kupoteza muhula. Tangu hapo nasema: ulizeni pesa zitaingia akaunti ya nani kabla ya kutuma maombi, na jibu liwe la maandishi. Matumizi yaidhinishwe na watu wawili. Muuza mandazi hana risiti, basi andikeni karatasi ndogo yenye tarehe na kiasi, atie sahihi, na muhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Mkibakiwa na pesa, au mipango ikibadilika, mwandikieni mfadhili mapema. Tulipobakiwa na 4,300 tuliomba kuzihamishia nauli ya Dunga, na tulikubaliwa.

Kwenye maombi, hesabu ya waliofika mara moja haisemi mengi. Sisi tuliahidi kuhesabu waliorudi mara nne au zaidi, na tulifikisha kumi na saba. Mkitafuta pa kuanzia, someni kuhusu New Harvest, shirika la Marekani lililoanzishwa 2004 ambalo limefadhili utafiti wa kilimo cha seli vyuoni, na mtandao wa wanafunzi wa The Good Food Institute, shirika linaloendeleza vyakula mbadala wa nyama, uitwao Alt Protein Project.

Na daftari la mahudhurio mpeni mtu wa mwaka wa kwanza alishike tangu mwanzo. Walio mwaka wa nne wanaondoka Novemba, na wakiondoka nalo mtaanza upya kutafuta hata namba ya simu ya yule mama wa Dunga.