Jibu: Plau ya diski tatu, ya nyuma inacheza na haizami

Mkuu, umeuliza kama ubadili diski zote tatu kwa vile ya nyuma inacheza na plau haizami, usikimbilie dukani kwanza. Inua plau, weka gogo chini, zima trekta, shika diski juu na chini uitikise, ikigonga ujue ni beringi za kwenye habu, yaani kitovu diski inapozungukia, sio diski. Fungua kifuniko, toa pini, kaza nati mpaka diski izunguke kwa uzito kidogo, kama bado inacheza beringi zimekwisha, badilisha na sili yake maana vumbi linapitia hapo hapo. Yangu nilivyofungua grisi ilikuwa tope jeusi lenye mchanga na beringi zimedonoka kabisa, iliniuma sana kwa sababu grisi ya kila asubuhi ingeiokoa.

Diski zenyewe pima kipenyo, zikiwa zinalingana na makali yamefubaa tu, noa kwa grainda upande wa mgongo, taratibu isipate moto ikawa ya bluu. Ila kuchomelea vipande vya springi pembeni nakusihi usikubali, chuma cha diski kimepikwa kiwe kigumu, moto wa weldingi unakiharibu, diski ikigonga jiwe inapasuka.